Jiwe la Tabaka la Tano

Mke wangu wa pili ana miaka sabini na sita, hana meno mawili ya mbele, na kwa kuvunja kokoto hakuna mwanaume wa mlima wetu anayemfikia. Anaitwa Bibi Justa. Si bibi yangu wa kuzaa. Siku nilipohamia hapa na Gladness, mke wangu wa ndoa ya kanisani, yule mzee alisimama mlangoni kwake, akamwangalia Gladness kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akasema, "Karibu mke mwenzangu. Huyu mume tutagawana, ila wa kumfulia ni wewe." Utani ulianzia hapo, na kwa miaka sita haukupumzika hata Ijumaa Kuu.

Sikuwahi kumwamkia. Shikamoo zangu niliwapa wazee wengine. Yeye nilimsalimia Kisukuma cha asubuhi, "Mwangaluka, mke wangu, umelala na nani?" Naye alinijibu kwamba amelala na mwanaume mwenye miguu miwili mizima. Hapo alinichoma, maana mguu wangu wa kushoto ni wa kuburuza.

Mguu huo uliharibikia kwenye lori. Nilikuwa utingo. Tukiwa tunateremka na shehena ya pamba nikasikia breki zinalia vibaya, nikamwambia dereva, "Bosi, leo tunalala mtaroni." Akacheka. Nikacheka. Tukalala mtaroni kweli, na yeye hakuamka. Mimi nilipata miezi minne ya kitandani ya kujiuliza kwa nini sikusema tu: simamisha gari. Nilipotoka nilihitaji kazi ya kukaa, na ndivyo nilivyoingia kwenye leza.

Mashine yangu iko chumba cha pili, juu ya meza, chini ya dirisha. Si kubwa. Ina mwanga mdogo unaochoma ubao kwa kufuata mchoro uliouchora kwenye kompyuta, na ina feni ya kutolea moshi nje, ingawa Gladness anasema wali wetu una ladha ya plaiwudi. Napiga picha ya mandhari, naichora upya kwenye kompyuta, naigawa matabaka saba, nakata kila tabaka peke yake, kisha nayapandanisha kwa gundi, la mbali nyuma, la karibu mbele. Ukiitundika ukutani, kivuli cha tabaka moja kinaangukia jingine, na unahisi ukinyoosha mkono utaloa maji ya ziwa.

Picha iliyonitoa kimaisha ni ya dirisha langu mwenyewe. Tabaka la kwanza ni mawingu. La pili, ng'ambo ya Kamanga. La tatu, ziwa na kivuko chake. La nne, mabati ya mjini Nyamagana. La tano, mawe ya mlima wetu ng'ambo ya korongo, yamepangana kama ya mtu aliyekuwa anajenga akaitwa kula. La sita, nyumba ya Bibi Justa, chini ya jiwe kubwa kuliko yote. La saba, tawi la mwarobaini lililo mbele ya dirisha. Mgongoni mwa nyumba yangu kuna mawe pia, lakini upande ule sina dirisha, na sikuwahi kulihitaji.

Nina tabia moja ambayo mafundi wenzangu wanaiona ni ya mtu mwenye nafasi. Kwenye fremu ya dirisha nimepigilia kibao cha kuegemeza kidevu. Mbele yake, nusu mita kutoka kwenye jicho, nimefunga mkono wa chuma wenye vibanio viwili. Tabaka likishakatwa, kabla ya kulipaka gundi nalibana pale, naegemeza kidevu, nafumba jicho moja. Ukingo wa ubao unatakiwa uukalie mlima kama mfuniko unavyokalia sufuria. Ukiukalia, nafurahi, nakunywa chai. Ndiyo faida yake yote.

Jumatatu moja ya Novemba, Riya alinipigia. Riya ana duka la zawadi mjini, na ndiye aliyeniuzia ile picha ya kwanza mwaka jana.

"Kaka Nkwabi, nataka nyingine ya mawe. Mteja anampelekea mama yake, alikulia hapo mlimani kwenu kabla hawajahama nchi. Iwe ile ile. Usibadilishe hata jiwe moja."

"Nitabadilishaje mawe, Riya? Hayo kayaweka Mungu."

"Nakujua wewe. Utaweka na bibi yako mmoja juu ya jiwe."

Kazi rahisi. Mchoro wa mwaka jana ulikuwepo, nikawasha mashine. Nilipofika tabaka la tano nikalibana dirishani kama kawaida na chai yangu nikaisogeza karibu.

Mawe yote yalikaa, isipokuwa lile kubwa. Upande wa kulia, kati ya ukingo wa ubao na jiwe lenyewe, ulipita mwanga. Kidogo tu, milimita tano hivi. Upande wa kushoto jiwe lilikuwa limetokeza nje ya ubao, kuelekea bati la Bibi Justa.

Nilicheka. Nikasema mkanda wa mashine umelegea. Nikaukaza, nikakata tabaka lingine. Milimita tano. Nikasema plaiwudi imekunywa unyevu, imejikunja. Nikatoa ubao mwingine uliokuwa umefungwa kwenye nailoni, nikakata mara ya tatu. Milimita tano. Chai ilikuwa imepoa. Nikaenda sebuleni nikashusha ukutani kielelezo changu cha mwaka jana, nikabandua tabaka la tano kwa kisu, kazi ambayo kwa hiari yangu nisingeifanya, nikalibana dirishani.

Milimita tano.

Mbao nne zilikubaliana. Mlima ndio uliokataa.

Kutoka kwenye jicho langu mpaka kwenye ubao ni nusu mita. Kutoka kwenye jicho langu mpaka kwenye lile jiwe ni kama mita arobaini. Hesabu yake ni ya darasa la tano: mara themanini. Milimita tano mara themanini ni sentimita arobaini. Jiwe linalozidi basi dogo kwa ukubwa lilikuwa limetembea sentimita arobaini kuelekea kitanda cha Bibi Justa, na hakuna mtu aliyeliona, kwa sababu tunaliangalia kila siku.

Nikachukua fimbo yangu, nikavuka korongo.

Kwenye ubavu wa jiwe, chini, niliona mstari mpana usio na kuvu, mweupe kama alama ya soksi mguuni. Hiyo ni sehemu ambayo mwaka jana ilikuwa imelala ndani ya udongo. Nikainama zaidi. Pale chini zamani palikuwa na mawe madogo, kama kabari, yameshikilia lile mama yao. Sasa palikuwa na shimo, na kwenye mwamba zilikuwepo alama za nyundo. Niliingiza mkono mle shimoni nikapapasa, nikautoa kwa haraka ambayo hata mimi ilinishangaza.

Bibi Justa alikuwa uani, amekaa juu ya gunia, nyundo mkononi, kokoto zikiruka.

"Mume wangu, umekuja kunisaidia au umekuja kunitazama miguu?"

"Mke wangu, yale mawe ya chini ya lile kubwa nani kayachukua?"

"Mimi. Yale ya chini ndiyo matamu kuvunja, hayana udongo. Niliyamaliza mwaka jana." Akanyoosha nyundo kuelekea nyumbani kwangu. "Si ndiyo uliyojengea sakafu ya kiwanda chako? Au umesahau?"

Sikuwa nimesahau, ila sikuwahi kuuliza yametoka wapi.

"Sikiliza. Lile jiwe limesogea. Nimelipima. Linakuja kwako."

"Acha lije. Tangu marehemu aondoke sijapata mgeni mwenye uzito."

"Sikutanii."

"Wewe?" Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Wiki iliyopita ulisema jiwe lile linanipenda, litanioa. Pasaka ukasema limepiga chafya. Mwaka mzima jiwe, jiwe. Na la kwako je, lile la mgongoni?"

"La kwangu lina adabu."

Midomo yangu ilijibu kabla yangu. Ndivyo utani ulivyo, ukishazoea unakuwa kama mguu wa kuburuza, unaenda nao kila mahali. Alicheka, akarudi kwenye kokoto zake, nami nikabaki nimesimama kama mtu aliyepeleka barua kwenye nyumba isiyo na mtu anayejua kusoma.

Jumanne nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Yeremia. Nilibeba mbao zangu nne. Nikamweleza kuhusu kidevu, jicho moja, mara themanini. Alizigeuza mbao kwa heshima, akazinusa.

"Nkwabi, si wewe uliyemwambia mzee Kija kwamba kivuko cha Kamanga kinabeba bure wanaume wenye wake wawili?"

"Ni mimi."

"Alienda na wake zake wote wawili. Na vyeti."

"Mwenyekiti, hili ni jiwe."

"Nimeelewa, ni jiwe. Andika barua. Wiki ijayo nitawaleta wataalamu." Akanirudishia mbao. "Hivi moja ya hizi huuzi? Sebule yangu iko wazi sana."

Usiku ule ilinyesha mvua nyepesi, ile ya kunong'ona. Sikulala vizuri. Asubuhi ya Jumatano, kabla hata ya kunawa uso, nikaegemeza kidevu. Milimita saba.

Mbili kwa usiku mmoja. Mara themanini. Karibu shubiri nzima, kwa mvua ambayo isingejaza ndoo.

Nikavuka korongo tena. Bibi Justa alikuwa anachambua maharage. Nikambembeleza kwa upole, nikamwambia aje akae kwetu wiki moja tu, mpaka wataalamu waje.

"Gladness kakuruhusu?" akauliza. "Au unataka kuniingiza kwa mlango wa nyuma?"

Nikamwambia Gladness ndiye aliyetandika kitanda. Akasema basi kuna jambo, mke mwenza hatandiki kitanda bure, lazima kaweka siafu. Nikapandisha sauti. Nayo akaisifu, akasema marehemu hakuwa na sauti nzuri hivyo akigombana. Kila mlango niliogonga alinifungulia kwa kicheko, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba nyuma ya kila neno langu kuna kicheko.

Nikarudi nyumbani. Mpaka saa nane mchana sikukata hata ubao mmoja. Nilikaa dirishani tu, kidevu kwenye kibao, tabaka la tano mbele yangu.

Saa nane na nusu mvua ilianza kuja kutoka ng'ambo. Wanaoishi kando ya ziwa wanajua inavyokuja, lakini mimi siku ile niliiona kwa namna nyingine, kwa sababu mandhari yale nilishayakata vipande kwa mikono yangu. Mawingu yaligeuka rangi ya sufuria chakavu. Kisha ng'ambo ya Kamanga ikatoweka, kama mtu ameichomoa kwenye fremu. Tabaka la pili. Kisha ziwa, na kivuko kikiwa katikati, vyote vikafutika. La tatu. Mabati ya mjini yakameremeta mara moja, yakazimika. La nne.

Lililofuata lilikuwa la tano. Nami nilijua Bibi Justa mvua ikinyesha anafanya nini: anaacha kokoto, anaingia ndani, anajilaza kwenye kitanda kilichoegemea ukuta wa nyuma.

Nilitoka bila kofia. Gladness aliniita, sikugeuka. Mguu wangu ulikwaruza vidato vya mawe vya korongo, na kwenye kila kidato nilisikia nafsi yangu inamwambia dereva: bosi, leo tunalala mtaroni. Upepo ulikuwa umeshafika. Matone ya kwanza, makubwa, yalikuwa yanapiga vumbi moja moja.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani, ameshavua kandambili ya kwanza, ya pili yuko nayo mkononi.

"Mume wangu," akasema, "umeona baridi ukanikumbuka."

Neno la kumjibu lilikuwepo mdomoni, tayari, tena zuri. Lingemchekesha sana. Nililimeza.

Nikasimama wima. Nikaweka fimbo chini. Nikainamisha kichwa, nikakunja goti lile zima kadiri lilivyokubali.

"Shikamoo, bibi."

Kandambili ilibaki hewani. Alinitazama, kwanza kwenye midomo, pale ninapofichaga kicheko, halafu machoni. Mvua ikaanza kugonga bati.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Shikamoo, bibi."

Nikaona hofu inamwingia. Iliingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi, na nilimwonea huruma, kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea. Mabega yake yalishuka. Kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee.

"Marahaba," akasema. Sauti ile sikuwahi kuisikia.

Akainuka. Hakuuliza la jiwe. Alichukua nyundo yake pembeni ya mlango.

"Acha nyundo, bibi."

"Ya marehemu," akasema, akaifunga kwenye khanga, akatoka na kandambili moja.

Kama kungekuwa na mashindano ya watu wasioweza kukimbia, siku ile tungegombea kikombe. Niliokota fimbo, nikamshika mkono, naye akanishika, na sijui nani alikuwa anamvuta nani. Njia ilishakuwa kijito. Tulikuwa hatujamaliza kuteremka korongo niliposikia sauti, na haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu anaburuza kabati kwenye sakafu, taratibu, kabati zito, kwenye chumba cha jirani. Halafu bati likalia. Sitaki kueleza jinsi bati linavyolia.

Tukageuka wote. Jiwe halikubingirika mpaka mjini kama nilivyokuwa naliona kila nikifumba macho. Lilishuka hatua tatu, likakaa. Lilikaa juu ya nusu ya nyuma ya nyumba yake, kama mama mnene anavyokaa kwenye kigoda, akajirekebisha kidogo, akatulia. Mlango aliotokea ulikuwa bado umesimama, wazi. Kwa ndani giza lilianzia hatua moja tu kutoka kizingitini.

Bibi Justa hakupiga kelele. Alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia.

"Kitanda," akasema.

"Ndiyo, bibi."

Nyumbani Gladness alimvua khanga iliyolowa, akamfunga nyingine kavu, akamkalisha kwenye kiti changu cha kazi, karibu na mashine, maana ndicho chenye mto. Akaweka birika. Majirani walikuwa wameanza kuitana mvuani, na sauti ya Yeremia ilikuwa juu kuliko zote, ikiwaambia watu wasisogee, wasisogee. Nje, dirishani, tabaka la tano lilikuwa bado limebanwa, linavuja maji, na mahali pa jiwe kubwa palikuwa na pengo ambalo ningeweza kupitisha kichwa changu.

Nilisubiri aseme kitu. Nilitaka anitukane, aniite mume asiye na faida, aseme nimembomolea nyumba ili nimpate. Ningelia kwa furaha. Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Nkwabi," akasema.

Miaka sita sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake. Sikujua hata kama analijua.

"Nikikaa pale uani kwangu navunja kokoto, nakuwa nimeelekea huku. Naiona nyumba yako kwa ubavu, mpaka mgongo wake. Lile jiwe la nyuma yenu, masika ya mwaka juzi mbuzi wangu walikuwa wanapita kati yake na ukuta." Akaweka kikombe sakafuni, juu ya kokoto zake mwenyewe zilizosakafiwa. "Siku hizi hawapiti. Wanazunguka."

Nilimtazama midomoni. Nikamtazama machoni. Nikatafuta kila mahali anapofichaga.

Mvua iliongezeka, na kwa kelele zake juu ya bati nisingeweza kusikia kama ukutani, mgongoni kwangu, kuna mtu anaburuza kabati. Nikanyoosha mkono nikachukua fimbo. Bibi Justa alikuwa tayari amesimama, nyundo kifuani.

Gladness alikuwa na birika mkononi. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri mmoja wetu acheke.